Wimbo Wetu na Santuri Yake: Historia Fupi ya Kwaya

Na Katibu wa Kwaya



Wapendwa washirika, wanakwaya wa zamani na wa sasa, pamoja na wageni wetu mliosafiri kutoka Garissa, Bura, Hola, Garsen na kwingineko, karibuni Nanighi katika jubilii yetu ya dhahabu. Miaka 50 si mchezo. Wengi walioanza nasi wameshalala, na sisi tuliobaki tumesimama hapa kwa neema tu.

Kamati ya jubilii ilitutuma tuandike historia ya kwaya. Tulidhani ni kazi nyepesi: wenyeviti waliotangulia, walimu wa kwaya, sare tulizovaa, mashindano tuliyokwenda. Hayo yote yako kurasa za mwisho za kijitabu hiki. Lakini tulipofungua sanduku la bati la kwaya kutafuta daftari za mikutano, tulikuta chini kabisa santuri nne zimefungwa kwa leso. Moja kati ya hizo imetulazimu kuandika historia tofauti na ile tuliyotumwa. Tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho, maana inahusu wimbo ambao kila mmoja wenu anaujua, ule tunaouita "wimbo wa Mzee".

Nyimbo zilivyofuata mto

Kuimba si jambo tulilofundishwa na wageni. Mpokomo huimba akipiga kasia, akilima, akibembeleza mtoto. Tena nchi nzima inasimama wima kila siku kwa sauti iliyotoka huku kwetu. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa inajiandaa kwa uhuru, tume ya watu watano iliteuliwa kutengeneza wimbo wa taifa: Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Walizunguka, wakasikiliza, na mwishowe wakachagua sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, waliopewa na Mzee Meza Galana wa huku Mto Tana. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ilipopanda, sauti ya kina mama wa Tana ndiyo iliyosikika.

Wekeni jambo hilo akilini, tutalirudia. Sauti ni ile ile, lakini mama anayembeleza mtoto haimbi kwa mwendo wa gwaride.

Nyimbo za kanisa zilipanda mto kutoka chini. Wamethodisti walikuwa Golbanti katika miaka ya 1880, na mwaka 1887 wamishenari Wajerumani wa Neukirchen wakaanza kazi yao Ngao. Huku juu tulipo, Wakristo tumekuwa wachache miongoni mwa jirani zetu Waislamu, na kwaya ilianza na watu wasiojaza mkeka mmoja. Mradi wa umwagiliaji wa Bura ulipofungua mashamba yake, watu wa pembe zote za Kenya walihamia jirani yetu, kila mmoja na nyimbo za kwao. Ndipo akaja pia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mpenda muziki, akiwa na gramafoni ya betri na santuri nne.

Santuri tatu kubwa na moja ndogo

Kwa vijana waliozaliwa na simu mkononi, tueleze kidogo. Santuri ni sahani nyembamba yenye mfereji mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Mfereji huo umechongwa mawimbi madogo sana. Sahani ikizunguka, sindano hutikiswa na mawimbi hayo, na mtikisiko ukikuzwa huwa sauti. Hakuna zaidi ya hapo. Kwa hiyo kasi ya sahani ndiyo kila kitu. Ikizunguka polepole kuliko ilivyorekodiwa, mawimbi hupita polepole chini ya sindano: wimbo unarefuka na sauti inashuka. Ikizunguka haraka, wimbo unafupika na sauti inapanda. Mambo hayo mawili hayatengani.

Emile Berliner alipovumbua gramafoni ya sahani mwaka 1887, mashine za mwanzo zilizungushwa kwa mkono, na mkono ukichoka wimbo nao huchoka. Baadaye zikaja za kamani. Santuri za zamani, zile nzito zinazovunjika kama sahani ya kaure, zilikuja kukubaliwa kuzunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu. Ni katika enzi hiyo Siti binti Saad wa Unguja alipopanda meli na wenzake mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, na sauti ya Kiswahili ikaanza kuzunguka kwenye gramafoni za pwani yote.

Kisha mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikatoa santuri kubwa ya plastiki ya mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika, yenye kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande. Mwaka uliofuata wapinzani wao RCA Victor wakaja na santuri ndogo ya mizunguko 45, yenye tundu kubwa katikati. Hizi ndogo ndizo zilizotapakaa Kenya. Nyimbo za akina Fadhili William na Daudi Kabaka miaka ya 1960 zilinunuliwa kwa santuri za 45, na kwaya za kanisa nazo zikafuata. Ndiyo maana gramafoni za wakati huo zilikuwa na swichi ya kuchagua 33, 45 au 78.

Mwalimu wetu alikuwa na santuri tatu kubwa. Mbili zilikuwa za tenzi za Kiingereza. Ya tatu ilikuwa Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mtindo wa Kikongo na kwaya ya Padre Guido Haazen kule Kamina, ambako iliimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Wazee wetu wanasema walipoisikia hawakuamini kwamba ngoma na misa vinaweza kukaa nyumba moja. Hiyo ndiyo iliyowapa ujasiri wa kuingiza ngoma kanisani, na kelele zilizofuata zimeandikwa katika daftari la mikutano kurasa nne nzima. Miaka mingi baadaye, mwaka 1990, Wakenya wenzetu wa Muungano National Choir chini ya Boniface Mganga waliirekodi upya misa hiyo hiyo.

Santuri ya nne ilikuwa ndogo, ya kwaya moja ya Kiswahili. Tundu lake lilikuwa kubwa kuliko msumari wa gramafoni, basi mwalimu akakata duara kwenye soli ya ndala kuukuu, akatoboa katikati, akaziba pengo. Kipande hicho cha ndala bado kimo ndani ya sanduku.

Swichi ya gramafoni ile ilikuwa imekwama kwenye 33. Hakuna aliyejali. Santuri tatu kubwa zililia vizuri, na mashine iliyolia vizuri mara tatu, nani ataishuku mara ya nne?

Wimbo wa Mzee

Kwaya ilijifunza wimbo wa santuri ndogo kwa kusikiliza jioni baada ya jioni mpaka betri zikaisha. Kiongozi wa wimbo katika santuri alikuwa na sauti nzito ajabu, ya polepole, inayoburuza maneno kama mtu anayevuka matope ya mto. Wazee wakasema: huyu ni mzee aliyeona mengi. Wakauita wimbo wa Mzee. Wanaume wa besi wakaupenda, maana ulikuwa chini kabisa, na sehemu ya kiongozi ikapewa mwanamume mwenye sauti nzito kuliko wote. Hata kule kuburuza mwisho wa kila mstari tuliiga kwa bidii. Tuliofundishwa nyimbo baadaye tulisahihishwa tulipojaribu kukatisha: "Vuta! Santuri inavuta."

Wimbo huo ukawa wa mazishi. Kwa miaka yote hii karibu kila mshirika wetu aliyelala amesindikizwa nao. Wengi wenu mmesimama kando ya kaburi mkiusikia.

Katika miaka hiyo ya mwanzo, mama mmoja wa alto aliomba aongoze wimbo huo. Alikuwa binti wakati huo, mwenye sauti iliyosikika ng'ambo ya mto. Alijibiwa kwamba huu ni wimbo wa mwanamume, hata santuri inasema hivyo. Aliomba tena baada ya miaka, akajibiwa vile vile. Jambo hilo limo katika daftari kwa mstari mmoja: "Ombi la kuongoza wimbo namba 7 halikukubaliwa, si sauti yake." Hakuhama kwaya. Alirudi mahali pake na kuimba alto mpaka leo.

Gramafoni yenyewe iliharibika katika mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997, maji yalipoingia hadi madirishani. Sanduku la bati liliokolewa na jirani zetu Waislamu waliokuja na mtumbwi usiku; walilipandisha darini pamoja na Biblia ya mimbari. Tunawashukuru tena leo mbele ya watu wote. Lakini tangu usiku ule hatukuwa na chombo cha kuzisikilizia santuri, na wimbo ukabaki vifuani mwetu kama tulivyoukariri.

Siku tuliyokwenda Hola

Mwaka huu tulipozikuta santuri, tulipata habari za fundi mmoja wa redio huko Hola mwenye gramafoni nzima ya umeme. Tulikwenda watu watano: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mzee anayeongoza wimbo wa Mzee sasa, na mama yule wa alto, ambaye tulimchukua kwa sababu anakumbuka siku gramafoni ilipofika kijijini.

Fundi alisafisha santuri ndogo kwa maji na pamba, akaiweka, akasahau kuondoa swichi kwenye 33 alikokuwa akisikilizia yake. Sindano ikashuka. Sauti nzito ikatoka. Mzee akafumba macho, akaanza kuimba pamoja nayo, neno kwa neno, mburuzo kwa mburuzo. Ilikuwa ni wimbo wetu hasa.

Fundi akasema, "Samahani, hii ni ya 45." Akasukuma swichi.

Sahani ikaongeza mwendo, na mwanamke akaanza kuimba. Mwanamke kijana, sauti nyepesi, safi, yenye furaha, na kwaya nyuma yake ikipiga makofi ambayo sisi tulidhani ni miguu ya watu wanaotembea kwa majonzi. Hatukusema kitu. Wimbo uliisha kwa dakika tatu. Mama wa alto alikuwa ameketi kwenye kreti la soda karibu na mlango. Akasema tu, "Rudia."

Hesabu ya jambo lenyewe

Sisi wengine ni walimu, na hatukutaka kuondoka na maneno ya mdomo. Maandishi ya katikati ya santuri yanaonyesha 45 wazi, chini ya doa la chai. Lakini je, gramafoni ya fundi ilikuwa inasema kweli? Alituonyesha njia mbili, nasi tunaziandika hapa kwa faida ya yeyote mwenye santuri za wazazi wake nyumbani.

Ya kwanza haihitaji kitu. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani, shika saa, hesabu karatasi inapita mara ngapi. Kwa 45, ni mara 45 katika dakika moja. Kwa 33 na theluthi, hesabu dakika tatu nzima: lazima zitimie 100.

Ya pili ni duara la karatasi lililochorwa mistari. Umeme wa Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, na taa ya umeme ya neoni humetameta mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Duara la mistari 180 likizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kila taa inapomulika mstari mmoja umechukua mahali pa mwenzake, na mistari yote huonekana imesimama tuli. Kwa 45 mistari ni 133. Ikionekana inakwenda mbele, sahani inakimbia. Ikirudi nyuma, inachelewa. Tochi ya betri haifai kwa kazi hii kwa sababu haimetameti hivyo. Tuliangalia wote kwa zamu. Mistari ilisimama.

Baadaye tukapiga hesabu. Gawanya 45 kwa 33 na theluthi, utapata 1.35. Wimbo wa dakika 3 tuliuimba kwa dakika 4 na sekunde 3. Na kushuka kwa sauti ni nusu-sauti tano, yaani umbali wa kutoka Fah kurudi Doh. Wimbo ulioimbwa Doh ikiwa G, sisi tuliupokea Doh ikiwa D chini yake. Umbali huo unatosha kumgeuza binti kuwa mzee.

Tuliyojadiliana

Mkutano wa kwaya uliofuata ulikuwa mrefu. Wengine walisema haraka haraka haina baraka, tuache wimbo ulivyo. Vijana wakajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Lakini chini ya mzaha kulikuwa na jambo zito. Mzee mmoja aliuliza, "Kwa hiyo watu wetu wote hao tumewazika kwa makosa?" Hakuna aliyeweza kumjibu haraka. Mama wa alto ndiye aliyejibu: "Waliozikwa hawakulalamika. Ni mimi niliyelalamika, na nilikuwa hai."

Hapo ndipo tulipoukumbuka wimbo wa taifa. Tume ya 1963 ilichukua wimbo wa kumlaza mtoto na kuufanya wa kuinua taifa. Mwendo ulibadilika, na hakuna anayeuita ule upotoshaji, kwa sababu walijua walichokishika na walichagua wakijua. Sisi hatukuchagua. Tulisikiliza mashine yenye swichi iliyokwama, kisha tukaitumia sauti yake kumnyamazisha mtu. Wimbo kuimbwa polepole si dhambi. Kumwambia dada yetu "si sauti yake" kwa ushahidi ambao hakuna aliyeupima, hilo lilistahili toba, na kamati ilimwomba radhi mbele ya kwaya yote. Radhi hiyo imeandikwa katika daftari, chini ya mstari ule wa zamani. Ule wa zamani hatukuufuta.

Vile vile tulikubaliana kwamba mwendo wa polepole sasa ni wetu. Umebeba majonzi ya nyumba nyingi, na hatuwezi kuwanyang'anya wafiwa. Kwa hiyo mazishini tutaendelea kuuimba kama tulivyouzoea, na mzee wetu ataongoza, tukijua tunachofanya. Katika ibada za shukrani tutauimba kwa mwendo wa 45. Wenzetu wawili wa besi hawajaridhika bado, na tunawaombea.

Leo, katika ratiba, utauona wimbo namba 7 ukiwa na jina lake halisi lililoandikwa kwenye santuri. Tulimwomba mama aongoze. Alikataa. Alisema sauti ile aliyoomba nayo haipo tena, na hataki tumpe leo kilichokuwa cha jana. Badala yake alimchagua msichana mmoja wa kwaya ya watoto, akamfundisha mwenyewe jioni kwa jioni kutoka kwenye simu tuliyorekodia kule Hola. Mama atasimama kando yake na kuimba alto. Tunaomba wakati huo washirika msipige picha mkiwa mbele, ili watoto na wazee waliokaa nyuma waone.

Santuri zote nne zitakuwa mezani karibu na mlango, pamoja na kipande cha ndala. Mnaruhusiwa kuzishika kwa ukingo tu, si juu ya mfereji, na tafadhali zisiachwe juani, maana plastiki hupinda. Yeyote aliye na santuri, kanda au daftari la nyimbo za huku Tana nyumbani kwake, asilitupe. Atuletee kabla mto haujaja tena kuchukua. Na kabla ya kutuambia wimbo unaimbwaje, atuambie kwanza imepigwa kwa kasi gani.

Tunawashukuru wote waliotutangulia, waliotufundisha kwa uaminifu kile walichokisikia. Makosa yao ni madogo kuliko upendo wao.